Polianilini yangu imegeuka bluu na umeme ukakata: je, rangi na umeme ni jambo moja?

#1 Mwalimu_Kijani
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi tangu Jumamosi.

Nafundisha kemia sekondari, Iringa. Wiki iliyopita nilitengeneza polianilini, aina ya plastiki: anilini hidrokloridi na amonia pasalfeti kwenye bika, bika limekaa kwenye karai la maji ya barafu. Nilitumbukiza humo vipande vinne vya kioo cha hadubini. Kwa dakika kadhaa hakuna kilichotokea. Kisha maji yakaanza kuwa samawati, yakaiva bluu hadi karibu na zambarau, mara yakageuka kijani. Nilipotoa vioo vilikuwa na utando mwembamba wa kijani, ukitazama unaona upande wa pili bila shida. Nikabana ncha mbili kwa klipu, nikaweka multimita: kiloomu 22. Kwenye plastiki! Wanafunzi walipiga makofi.

Kilichofuata ndicho kimenileta hapa. Nilishikilia kioo kimoja juu ya mdomo wa chupa ya amonia. Sijafika kumi kwa kuhesabu, kijani kimekuwa bluu na multimita imeandika OL, yaani haisomi kitu. Nikachovya kile kioo kwenye asidi ya haidrokloriki: kijani kikarudi, kiloomu 26.

Maswali mawili. Rangi na umeme ni jambo moja lenye sura mbili, au yanakwenda pamoja kwa bahati tu? Na la pili: kama utando huu unafyonza mwanga, mbona nikiumulika kwa tochi hautoi volti hata kidogo?

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimekaa hapa na daftari. Waje wajuzi.

#3 Fundi_Bodi
Mwalimu, hiyo pasalfeti ndiyo tunayotumia sisi kulia shaba kwenye bodi za saketi. Miaka yote naimwaga sikujua kwamba inaweza kuzaa plastiki inayopitisha umeme. Naufuatilia uzi huu.

#4 Mnyororo
Mwalimu, nijaribu la kwanza.

Plastiki ya mfuko wa kawaida, kila kaboni imeshikana na jirani kwa kifungo kimoja kimoja na elektroni zote zimebanwa mahali. Polima (molekuli ndefu kama minyororo) zinazopitisha umeme zina vifungo vinavyopokezana: kimoja, pacha, kimoja, pacha. Elektroni za vifungo pacha haziko kwa kaboni moja, zimetandazwa kwenye mnyororo. Kadiri nafasi ya kutandaa inavyokuwa ndefu, ndivyo nishati ya kuipandisha elektroni ngazi ya juu inavyopungua, na ufyonzaji unahama kutoka mwanga usioonekana wa urujuanimno kuingia kwenye rangi tunazoziona. Ndiyo sababu karoti ina rangi: betakarotini ina vifungo pacha 11 vinavyopokezana, inafyonza bluu karibu na nanomita 450 (ndio urefu wa wimbi la mwanga), jicho linabaki na rangi ya chungwa.

Kwa hiyo jibu langu: ndiyo, ni jambo moja. Elektroni zilizotandaa ndizo zenye rangi na ndizo zenye umeme.

#5 Ngazi_ya_Juu
Mnyororo umeanza vizuri ila hapo mwisho nakupinga. Kama ni urefu peke yake, mnyororo mrefu sana ungefikia mahali pengo la nishati, yaani hiyo nishati ya kuipandisha elektroni, linakuwa sifuri, nao ungekuwa chuma halisi bila kuongezwa chochote. Haiwi hivyo. Poliasetilini safi, mnyororo mrefu kuliko yote unayoweza kuuwazia, ina pengo la kama eV 1.5 (eV ni kipimo cha nishati ya elektroni). Inang'aa kama fedha kwa macho lakini ikiwa safi haipitishi umeme wa maana.

Sababu ni kwamba vifungo havilingani urefu. Kifupi, kirefu, kifupi, kirefu. Mnyororo unapata nafuu ya nishati ukijipanga namna hiyo, na kujipanga huko ndiko kunafungua pengo. Mwanafizikia Peierls ndiye aliyeonyesha hilo kwa minyororo ya atomu, na mwaka 1979 Su, Schrieffer na Heeger wakalifanyia hesabu kwenye poliasetilini. Rangi unaipata hata bila umeme.

#6 Shamba_la_Nyanya
Mimi ni mtu wa lishe, si wa umeme, ila mfano wa karoti mmeuacha njiani. Nyanya ina likopini, nayo ina vifungo pacha 11 vinavyopokezana, sawasawa na betakarotini. Mbona nyanya ni nyekundu na karoti ni chungwa?

Kwa sababu kwenye betakarotini vifungo viwili viko ndani ya vipete vya pembeni, na vipete vimejipinda, havilali sambamba na mnyororo. Elektroni hazitandai vizuri pale kwenye kona. Likopini imenyooka mwanzo mwisho. Idadi ni ileile, rangi tofauti. Si urefu tu, ni unyoofu pia.

#7 Mnyororo
Shamba_la_Nyanya, huu mfano nauchukua, nitaufundishia. Ngazi_ya_Juu, nimekubali la pengo.

#8 Zambarau_Linköping
Salamu kutoka Sweden. Hizi polima ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo niongeze ushahidi wa Shamba_la_Nyanya kutoka maabara.

Kuna polima inaitwa P3HT, ya jamii ya politiofini. Ukiiyeyusha kwenye klorofomu inakuwa ya chungwa, kama sharubati ya embe. Ukidondosha tone kwenye kioo na kulizungusha likauke, utando unatoka zambarau mbele ya macho yako, sekunde chache tu. Hujaongeza kitu. Kwenye kimiminika minyororo imejipindapinda, inafyonza karibu na nanomita 450. Ikikauka inanyooka na kulaliana kama mikeka, ufyonzaji unahamia karibu na 550, na bega jingine kwenye 600.

Ila hata sisi tunabishana: je, uhamaji huo unatokana na kila mnyororo kunyooka peke yake, au na minyororo jirani kushirikiana mwanga? Ukisoma urefu wa hilo bega la 600 ukilinganisha na kilele kilicho pembeni yake unaweza kukisia nani kachangia kiasi gani, lakini ni makisio yenye mabishano.

#9 Mwalimu_Kijani
Ahsanteni sana. Lakini mimi sijarefusha mnyororo wala sijaunyoosha. Nimeweka amonia tu. Nini kimebadilika?

#10 Tindikali
Hapo ndipo polianilini inapojitenga na wenzake.

Poliasetilini ukiipa iodini, iodini inanyakua elektroni kutoka kwenye mnyororo. Pengo la elektroni linabaki na kutembea: hilo ndilo tunaita tundu. Polianilini ya kijani haifanyiwi hivyo. Asidi inaweka protoni kwenye naitrojeni zake na idadi ya elektroni haibadiliki hata moja. Mpangilio wa ndani unajipanga upya na chaji zinapata njia. Amonia inazinyang'anya zile protoni, mpangilio unarudi, njia inafunga. Chumvi ya kijani inapitisha takriban S 4 kwa sentimita (S ni siemensi, kipimo cha upitishaji) ikitengenezwa vizuri. Ile bluu inashuka hadi karibu sehemu moja ya bilioni ya S kwa sentimita. Multimita yako ya sokoni haifiki huko, ndiyo maana iliandika OL.

Na kuhusu rangi: kijani kinafyonza karibu na 430 na tena kuanzia 800 kwenda juu. Kinameza zambarau na bluu upande mmoja, wekundu wa mwisho upande mwingine, katikati kinabaki kijani. Bluu ina kilele kinene karibu na 600, kinakula chungwa na nyekundu. Kile kilele cha 800 ndicho saini ya chaji zinazotembea. Kikiondoka, mkondo umeondoka.

#11 Mnyororo
Si ndivyo nilivyosema? Jambo moja!

#12 Dirisha_Angavu
Hapana kaka, usishangilie mapema. Chukua PEDOT, polima nyingine ya jamii hii. Ikiwa haina chaji ni bluu iliyoiva, inafyonza karibu na 600 na haipitishi mkondo wa maana. Ukiitoa elektroni inaanza kupitisha umeme vizuri, halafu inakuwa karibu angavu, samawati hafifu tu. Umeme umepanda, rangi imetoweka!

Ufyonzaji haujafa, umehamia kwenye infraredi ambako jicho haliwezi kuuona. Kwa hiyo mwalimu, macho yako yanakudanganya nusu. Jicho linasoma nanomita 400 hadi 700 tu. Chaji zinazotembea zinaandika habari zao zaidi ya hapo.

#13 Tindikali
Dirisha_Angavu umesema kweli, ila hiyo haipingi bandiko #10. Wote wawili wana saini ya chaji nje ya jicho. Polianilini ina bahati ya kubakiza mguu mmoja ndani.

#14 Mzee_wa_Tarehe
Wanangu mnazungumza kama vitu hivi vimeanza juzi. Niweke historia kidogo. Mwaka 1977 Shirakawa wa Japani, MacDiarmid mzaliwa wa New Zealand na Heeger wa Marekani walitangaza poliasetilini iliyopewa iodini, upitishaji ukapanda zaidi ya mara milioni kumi. Mwaka 2000 wakapewa Nobeli ya kemia. Utando wenyewe ulitokana na kosa: miaka ya sitini kwenye maabara alikofanya kazi Shirakawa mtafiti mgeni aliweka kichocheo mara elfu moja ya kipimo, badala ya unga mweusi akapata utando unaong'aa kama fedha. Ndio waliogundua polima zinazopitisha umeme.

#15 Kumbukumbu
Shikamoo mzee. Naomba nirekebishe sentensi ya mwisho tu. Mwaka 1862, London, Henry Letheby alipitisha umeme kwenye anilini ndani ya asidi akapata kitu cha bluu-kijani kwenye elektrodi, kinachobadilika rangi. Ndiyo hii hii ya mwalimu, ila yeye hakupima upitishaji. Na mwaka 1963, Australia, Bolto, Weiss na wenzao walichapisha kwamba polipiroli yenye iodini inapitisha umeme. Miaka 14 kabla ya 1977.

#16 Mzee_wa_Tarehe
Marahaba. Nimepokea. Tuseme basi watatu wale ndio waliofungua mlango watu wote wakaingia.

#17 Fundi_Bodi
Swali la fundi. Hivi vitu viko wapi mtaani? Au ni vya maabara tu?

#18 Dirisha_Angavu
Fundi, unavishika kila siku. Kwenye bodi za kompyuta kuna kapasita za kopo la alumini zenye kichwa bapa kisicho na ule mkato wa msalaba juu, na alama ya rangi juu yake. Ndani badala ya maji ya elektroliti kuna polima, PEDOT au polipiroli. Ndiyo maana hazivimbi na kumwaga maji kama zile za zamani. PEDOT hiyohiyo ilipakwa pia kwenye filamu za picha ili zisijikusanyie umeme tuli.

#19 Fundi_Bodi
Kumbe! Hizo nazichomoa kwenye bodi zilizokufa nazihifadhi kwenye kikopo, zinapima vizuri hata baada ya miaka. Leo nimezijua kwa jina la ukoo.

#20 Ngazi_ya_Juu
Turudi kwenye swali la pili la mwalimu, la tochi. Hilo ndilo zito.

Kwenye silikoni, mwanga ukigonga, elektroni na tundu vinaachana karibu papo hapo. Silikoni inapunguza mvutano wao kama mara 12. Polima inapunguza mara 3 au 4 tu. Piga hesabu mwenyewe: chaji mbili zilizo umbali wa nanomita 1 ndani ya kitu kinachopunguza mara 3, mvutano wao ni eV 1.44 gawanya kwa 3, yaani karibu eV 0.48. Mtikisiko wa joto la chumba ni eV 0.025. Mvutano umeuzidi mtikisiko karibu mara 19! Kwa hiyo elektroni na tundu lake havitoki. Vinatembea pamoja kama pacha, tunawaita eksitoni, na baada ya kama nanomita 10 vinakutana vinakufa. Nishati inatoka kama mwanga au joto. Hakuna volti.

#21 Zambarau_Linköping
Na dawa yake ndiyo iliyoanzisha fani yetu. Mwaka 1992 Sariciftci, Heeger na wenzao walichanganya polima inayong'aa na C60, ile kaboni ya duara kama mpira wa miguu. Polima peke yake ukiimulika inawaka chungwa, unaiona kwa macho. Ukiweka C60 mwako unakatika. Mwanga unaingia lakini hautoki, kwa sababu elektroni imerukia kwenye C60 kabla haijapata nafasi ya kurudi kwa tundu lake. Baadaye walipima muda wa kuruka: kama femtosekunde 45. Sekunde moja ina femtosekunde nyingi kiasi kwamba ukiandika 1 unaifuatisha na sifuri 15.

Kwa sababu eksitoni inakwenda nanomita 10 tu, na utando unahitaji unene wa nanomita 100 au 200 ili umeze mwanga wa kutosha, huwezi kulaza tabaka la polima juu ya tabaka la C60. Unapika makande: mahindi na maharage yamechanganyika, popote mwanga ukiangukia pana jirani karibu. Lakini makande haya yana sharti gumu. Kila punje ya mahindi lazima iguse nyingine hadi kwenye ukingo wa sahani, na maharage hivyo hivyo, la sivyo chaji inakwama katikati.

#22 Kiti_cha_Mbele
Makande nimeyaelewa kuliko vitabu vyote.

#23 Mwalimu_Kijani
Subiri, dada wa Sweden. Elektroni imerukia C60, sawa. Lakini bado iko nanomita moja kutoka kwenye tundu lake. Kwa hesabu ya bandiko #20 mvutano bado ni karibu eV nusu. Nani anawaachanisha?

#24 Zambarau_Linköping
Mwalimu, umegusa kidonda. Hilo ndilo tunaligombania kwa miaka zaidi ya 30.

Kundi la kwanza linasema elektroni inaruka ikiwa bado na moto, ina nishati ya ziada, inateleza mbali kabla haijapoa. Mwaka 2012 Bakulin na wenzake, Cambridge wakiwemo, walimulika mchanganyiko kwa mwanga wa kawaida kisha wakausukuma tena kwa mwanga wa infraredi, mkondo ukaongezeka. Wakasema: hali zilizotandaa, za juu, ndizo njia ya kuachana.

Kundi la pili linasema hapana. Mwaka 2014 Vandewal na wenzake waliziamsha moja kwa moja zile hali baridi za mpakani, pale polima inapopakana na mwenzake, kwa mwanga wa nishati ndogo usiofikia pengo la polima. Chaji zilitoka kwa ufanisi uleule. Kama baridi inatosha, moto wa nini?

#25 Soko_la_Kariakoo
Mimi niko upande wa tatu. Mnahesabu mvutano mnasahau idadi ya njia. Elektroni na tundu vikiwa pamoja, hali ni moja. Vikiachana nanomita 4, elektroni ina makumi ya sehemu za kusimama kwenye lundo la fulerini (jamii ya hiyo C60). Ni kama mtoto aliyeachia mkono wa mama yake sokoni siku ya mkesha wa sikukuu: kumrudia ni njia moja, kupotea ni njia mia. Entropia, yaani huo wingi wa njia, inafanya kazi hiyo bila moto wowote.

#26 Ngazi_ya_Juu
Soko, hesabu hiyo inapunguza mlima lakini haiuondoi wote. Na entropia haisemi lolote kuhusu kasi. Kuna vipimo vya mwaka 2014 vilivyoona chaji ziko mbali nanomita kadhaa ndani ya femtosekunde kama 40. Mtoto hapotei sokoni kwa kasi hiyo, huyo amebebwa.

#27 Soko_la_Kariakoo
Vipimo hivyo ni vya michanganyiko yenye malundo makubwa ya fulerini. Chukua basi ile Y6 ya mwaka 2019, kutoka Changsha, China. Si fulerini kabisa. Ikiwekwa na polima yake iligeuza asilimia 15.7 ya nishati ya mwanga kuwa umeme, na nguvu ya kusukuma elektroni pale mpakani ni ndogo mno. Moto wa kuteleza nao haupo. Inatokaje?

#28 Zambarau_Linköping
Kuna wanaosema Y6 inapunguza mvutano yenyewe kwa jinsi molekuli zake zinavyolaliana, wengine wanasema eksitoni na chaji mle ndani zinabadilishana kwenda na kurudi hadi moja itoke. Kwenye mikutano yetu meza moja inakuwa na majibu matatu, na wote wana vipimo mkononi.

#29 Afya_Kwanza
Samahani niwakatize. Mwalimu, ulivaa glavu? Anilini na chumvi yake hupenya ngozi, inaharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Mdomo na kucha vinakuwa bluu. Niliwahi kumhudumia kijana wa maabara aliyemwagikiwa mkononi akadharau, jioni aliletwa amepauka anahema. Fanya penye hewa, glavu za nitraili, na wanafunzi wakae mbali.

#30 Mwalimu_Kijani
Ahsante sana dada. Nilivaa glavu na nilifanyia barazani, wanafunzi walitazama kwa dirishani. Nimenukuu ushauri wako nimeubandika ukutani.

#31 Sola_Mwanza
Mimi nauza sola. Asilimia 15 mwaka 2019, na nasikia sasa maabara wamefika 20. Paneli ninazouza ni 20 hadi 22. Mbona hamleti tuuze?

#32 Mawese_Kigoma
Sola_Mwanza, weka mawese kwenye sufuria uyachemshe sana uone. Yanaingia mekundu yanatoka meupe. Ile rangi ni karotini, joto na hewa vinavunja vifungo pacha. Sasa paneli ya polima inaanikwa juani kila siku, vifungo vilevile.

#33 Zambarau_Linköping
Mawese_Kigoma amesema ninachotaka kusema, kwa maneno bora kuliko yangu. P3HT ikiachwa juani na oksijeni inapauka, zambarau inaisha, mnyororo umekatika vipandevipande. Kuifungia hewa inasaidia. Lakini kitu kinachofyonza mwanga vizuri kinaamka mara nyingi, na kila kikiamka kina nafasi ya kuumia. Sola_Mwanza, eneo dogo la maabara na paneli ya kukaa juu ya bati la Mwanza miaka 20 ni vitu viwili. Hata hivyo msife moyo: wenzetu wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa wamekuwa wakitengeneza polima hizi pamoja na vyuo vya huku Sweden kwa miaka mingi. Kemia yake haihitaji tanuri la kuyeyusha mchanga.

#34 Ngozi_Nyeusi
Je, melanini ya ngozi nayo ni polima ya aina hii? Inafyonza mwanga wote.

#35 Kumbukumbu
Ina undugu. Mwaka 1974, Texas, McGinness na wenzake walionyesha swichi ya umeme iliyotengenezwa kwa melanini. Lakini melanini ikiwa na unyevu hupitisha sana kwa protoni na ayoni, si elektroni peke yake, kwa hiyo usiilinganishe moja kwa moja na poliasetilini.

#36 Mwalimu_Kijani
Wakuu nimerudi na vipimo. Jana usiku nilichukua kioo cha kijani, nikakiweka sentimita 15 chini ya balbu ya waya ya wati 60. Kabla ya kuwasha: kiloomu 26. Nilipowasha ikaanza kushuka polepole, baada ya dakika mbili imefika 21. Nikazima, ikarudi taratibu kwa dakika kama tano. Volti bado sifuri. Je, mwanga umetoa chaji?

#37 Ngazi_ya_Juu
Polepole hivyo ni joto. Chaji kwenye polima zinaruka kutoka sehemu hadi sehemu, na joto linazisaidia kuruka. Mwanga ungefanya kazi papo hapo. Na volti huipati kwa sababu klipu zako zote mbili ni za chuma kimoja: chaji hazina sababu ya kwenda kushoto kuliko kulia.

#38 Tindikali
Papo hapo si lazima. Chaji zinaweza kunasa kwenye mitego na kutoka polepole. Nami nina shaka ya tatu: unyevu. Polianilini ikikauka ukinzani unapanda, ikiwa na mvuke unashuka. Balbu inakausha na kupasha kwa wakati mmoja, kwa hiyo namba uliyoiona ni tofauti ya mambo mawili yanayovutana.

#39 Dirisha_Angavu
Mwalimu, funika kioo kwa karatasi nyeusi urudie.

#40 Mwalimu_Kijani
Nimerudia mara tatu. Bila karatasi: 26 hadi 21, mara moja ikafika 20.8. Na karatasi nyeusi: 26 hadi 22, mara zote. Kiloomu moja inabaki haina mwenyewe.

#41 Mnyororo
Hiyo moja ndiyo mwanga!

#42 Tindikali
Au karatasi imezuia joto kidogo. Halafu kumbukeni bandiko #10: kijani kinafyonza kuanzia 800 kwenda juu, na balbu ya waya inatoa sehemu kubwa ya nishati yake hukohuko. Utando unameza ule mwanga moja kwa moja na kuugeuza joto ndani yake, wakati chini ya karatasi unapashwa na hewa tu. Kwa hiyo hata kama ni joto, ni joto lililotokana na ufyonzaji. Mnyororo na Ngazi_ya_Juu mnaweza kuwa mnadai kiloomu ileile.

#43 Ngazi_ya_Juu
Mwalimu anahitaji mwanga wa rangi moja moja. Mmoja ambao kijani kinaufyonza na bluu haiufyonzi, ajaribu utando wote wawili kwa mwanga uleule.

#44 Fundi_Bodi
Hapo nimefika kwangu. Kamera za ulinzi za usiku zina LED za infraredi za nanomita 850, ninazo kama thelathini kwenye bodi zilizokufa. Zikiwaka jicho linaona wekundu hafifu tu ila kamera ya simu inaziona. Ninazo pia nyekundu za kawaida na bluu. Mwalimu nitumie namba ya wakala wa basi Iringa kwa ujumbe wa faragha, kesho asubuhi nazifunga na vipinga vyake.

#45 Mwalimu_Kijani
Fundi, Mungu akubariki. Vioo viwili vya kijani na viwili vya bluu nimeviweka kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu, ili hoja ya Tindikali ya unyevu isinisumbue. Namba nimekutumia. Basi linafika saa kumi, vipimo vya 850 nitaanza navyo jioni.